Ushauri: Boti za kuwapa kazi vijana zipo njiani, nimkabidhi mtu mmoja mmoja au kikundi?

Mlinda Mwalo
Wakuu, habari za muda huu. Naomba tuwe siriasi, usingizi sipati.

Mimi si mvuvi wa kuzaliwa ila nimekaa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, mpaka naitwa mwenyeji. Vijana wamejazana. Alfajiri wanabeba ndoo za watu, mchana wanalala chini ya mitumbwi iliyopinduliwa, jioni wanaomba hela ya vocha. Wajane nao wanasubiri samaki wa kukaanga, matajiri wakishachukua wao wanabaki na ndoo tupu. Sasa nimepata namna ya kuletewa boti za faiba, injini na nyavu, ziende kwa wale wa hali ya chini kabisa, waache kuvulia matajiri wa watu.

Swali langu ni moja. Nimkabidhi mtu mmoja mmoja au niwaundie kikundi? Kikundi nakiogopa, mali ya wote haina mwenyewe. Na mtu mmoja akiuza injini je? Kikao kipo karibu. Ziwa gani msiniulize, nina sababu zangu.

Ngoja Waje
Nimeshaweka kigoda. Wajuzi wanakuja.

Kiguu na Njia
Mkuu, kikundi ni presha ya kujitakia. Sisi tulichanga tukanunua mashine ya kusaga. Mwenyekiti anasagia watu usiku, asubuhi anatuambia mashine imelala haina wateja. Tukaweka mlinzi, kumbe mlinzi ni shemeji yake. Tukaweka daftari, likalowa. Mpaka leo tukikutana msibani tunakaa pande mbili. Wape mmoja mmoja, atakayefuja afuje peke yake.

Nahodha Mstaafu
Kabla ya mmoja mmoja au kikundi: samaki wapo? Nyavu ni za macho ya inchi ngapi? Mwaloni hapo sasa hivi mna boti ngapi, na mwenye boti moja anarudi na samaki wengi kuliko zamani au wachache?

Nauliza kwa sababu boti haizai samaki. Kanada walikuwa na samaki aina ya chewa (cod) kwenye kisiwa cha Newfoundland, wakavuliwa kwa karne kadhaa. Serikali ikasukuma meli kubwa na viwanda ili watu wapate kazi. Julai 1992 wakafunga uvuvi ule, na watu kama 30,000 wakakosa kazi kwa mkupuo. Walidhani ni kwa miaka miwili. Ikapita zaidi ya 30. Na hao walikuwa na wataalamu wa kuhesabu samaki.

Mama Vichanja
Mleta mada, umewataja wajane mstari mmoja halafu ukawaacha hapo hapo ukarudi kwenye injini. Wanaume mkisikia uvuvi mnaona boti tu.

Kazi nyingi ipo nchi kavu. Utafiti wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na wenzake wa mwaka 2023 ulisema katika uvuvi mdogo duniani, ukihesabu na wanaoandaa na kuuza, watu 4 kati ya 10 ni wanawake. Hao hawahitaji boti. Wanahitaji vichanja, turubai, chumvi, barafu na choo cha mwaloni. Dagaa ukiwaanika mchangani, mvua ya dakika kumi inatosha: wanavimba, wananuka, jioni unauza chakula cha kuku. Ukiwaanika kwenye kichanja cha wavu, upepo unapita chini na juu, wanakauka bila mchanga na mnunuzi hana cha kulalamikia. Tofauti ni mbao na wavu chakavu tu. Injini moja ingetoa vichanja vya mwalo mzima.

Mlinda Mwalo
Asanteni. Nahodha, nyavu zitakuwa halali, hilo lisikutie shaka. Samaki wapo, mbona matajiri wanapata? Mama, vichanja vitakuja awamu ya pili. Turudi kwenye swali tafadhali.

Mama Vichanja
Awamu ya pili haijawahi kufika mwalo wowote ninaoujua.

Mchumi wa Kijiweni
Kikundi si lazima kimiliki boti. Kinaweza kumiliki utaratibu tu. Wavuvi wa Alanya kule Uturuki waligombana sana kuhusu sehemu nzuri za kutegea. Mwishowe wakaorodhesha sehemu zote, mwanzo wa msimu wanachukua kura ya bahati nasibu ya nani aanzie wapi, na kila siku kila boti inasogea sehemu moja. Kila mtu anapita penye neema na penye ukame. Anayekiuka anaonwa na mwenye zamu ya siku hiyo, hahitajiki polisi. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliwataja sana hao.

Na usisahau Ziwa Turkana, Kenya. Wanorwe walijenga kiwanda cha kugandisha samaki kwa ajili ya wafugaji waliofilisiwa na ukame. Kikaendeshwa muda mfupi tu. Umeme na maji safi ya kugandishia samaki katika jangwa vilikuwa ghali mno, halafu ghuba waliyokuwa wanavua ikakauka. Jengo bado lipo, samaki wanakaushwa kama zamani.

Nahodha Mstaafu
Mlinda Mwalo, kuna kitu unakizunguka. Boti zinatoka kwa nani? Serikali? Benki? Shirika? Mjomba?

Mlinda Mwalo
Mfadhili tu, mkuu. Mtu mwenye moyo.

Kiguu na Njia
Mwenye moyo huwa ana jina 😂

Nahodha Mstaafu
Narudia. Kwa nani, na kwa masharti gani?

Mlinda Mwalo
Sikutaka kuingia huko kwa sababu najua watu watakimbilia kuhukumu. Ni mnunuzi. Ana magari ya barafu, ananunua kwa ajili ya kiwanda. Yeye anatoa boti, injini na nyavu, vijana wanalipa kwa samaki kidogo kidogo. Wakati wanalipa, samaki wote wanamuuzia yeye. Bei anapanga yeye kulingana na soko. Mimi ni msimamizi, na nitapata kitu kidogo kwa kila kilo, ambayo ni haki maana kazi ya kuwasimamia vijana si mchezo.

Sasa niambieni kuna ubaya gani. Leo hawana kitu, kesho wana boti. Benki gani itamkopesha kijana asiye na hata kitanda?

Ngoja Waje
Ahaaa.

Mtumishi wa Bwana
Ndugu yangu, mkate wa dhuluma ni mtamu mwanzoni. Omba sana kabla ya kusaini. Vijana wa siku hizi nao wamezidi uvivu, wangelima.

Nahodha Mstaafu
Ulisema unataka waache kuvulia matajiri wa watu. Hapo unawatafutia tajiri mpya, tofauti yake na wa zamani ni kwamba huyu hata hasara ya injini haimhusu.

Tajiri wa kawaida injini ikifa ni yake, nyavu zikiibwa ni zake, mvuvi anakosa mgao wa siku hiyo basi. Kwa mpango wako nyavu zikiibwa usiku, kijana anaamka na deni la nyavu ambazo hazipo. Atakopa nyingine kwa huyo huyo. Nimevua na watu waliokufa wakidaiwa, na watoto wao wakapanda boti ile ile kumalizia.

Mama Vichanja
Na wajane ndio wamekwisha kabisa hapo. Samaki wote wakienda kwenye gari la barafu, wa kukaanga watatoka wapi? Sangara alipofumuka Ziwa Victoria miaka ya 1980 viwanda vya minofu vilifunguliwa, ajira zikaja kweli, sikatai. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, wanawake waliokuwa wakikaanga samaki mzima wakaishia kugombania mapanki, yaani kichwa na mifupa.

Jicho la Tatu
Samahani kwa kuharibu sherehe. Hii ni chai, tena ya rangi, yaani stori ya kutunga.

Angalieni: ziwa halina jina, samaki hawana jina, mfadhili hana jina. Wavuvi huwa wanataja samaki kabla ya kusalimia, huyu katuletea "samaki" tu. Mtu yuko mwaloni miaka yote na hajajibu macho ya nyavu ni inchi ngapi. Mimi naona ni mtu anaandika andiko la kuomba fedha, au mwanafunzi ana kazi ya kukusanya, na nyie mnamwandikia bure mpaka na mambo ya Uturuki.

Kiguu na Njia
😂😂 Kweli bwana. Mchumi umefanya mtihani wa mtu.

Mchumi wa Kijiweni
Hata kama. Wanaosoma ni wengi.

Ngoja Waje
Mleta mada weka picha ya mkataba, vinginevyo nakunja kigoda.

Mama Vichanja
Mwacheni. Anayeogopa kutaja ziwa lenye mnunuzi mmoja ana sababu. Hapo akisema ziwa kashasema mtu.

Mlinda Mwalo
Mama, Mungu akubariki, umemaliza. Picha siweki. Ila kwa huyo wa chai nanukuu, mjue sina muda wa kutunga.

"Mzani utakaotumika ni wa mnunuzi. Katika kila kilo kumi, kilo moja itaondolewa kwa ajili ya maji na barafu. Atakayeuza nje ya mkataba atanyang'anywa injini, na alichokwisha kulipa hakitarudishwa."

Inchi ni sita. Nilidharau swali, sikulikwepa.

Nahodha Mstaafu
Hii si chai. Kilo ya maji naijua. Samaki anapimwa akiwa mkavu mbele yako, barafu iko pembeni kwenye kontena lao, na bado kilo ya maji inakatwa.

Swali la mwisho. Deni lote la boti moja limeandikwa kiasi gani?

Mlinda Mwalo
Pameachwa nafasi. Litajazwa baada ya boti kufika, maana bei ya injini inabadilika.

Nahodha Mstaafu
Na wewe umesaini?

Mlinda Mwalo
Kama shahidi tu. Vijana bado.

Jicho la Tatu
Aisee. Umeshuhudia nafasi wazi.

Nahodha Mstaafu
Basi kwenye kikao mambo ni haya. Deni liandikwe tarakimu na maneno kabla ya mtu kushika kalamu. Mzani uwe wa mwalo, umekaguliwa, unasomwa na wote. Sehemu ya samaki, hata robo, ibaki kwa kina mama wa hapo. Boti ikipotea kwa dhoruba hasara wagawane. Akikataa yote, vijana waanze na mtumbwi mmoja wa mbao wa kuchangishana, hata kama ni wa kasia.

Mlinda Mwalo
Akikasirika akapeleka boti mwalo mwingine, vijana watanielewaje? Nimeshawaambia. Labda nimwombe ile kilo moja ya maji tu aiondoe, mengine yabaki, na changu kibaki kama kilivyo.

Mama Vichanja
Baba, changu chako hakitoki mfukoni kwake. Hiyo kilo ya maji ndiyo inayokulipa.