Sholay imeiba kwa samurai saba?

MtotoWaMwaloni:
Wadau, habari za jioni. Mimi ni wa Kirumba, hapa Mwanza. Sholay, ile picha ya Kihindi, niliiona mara ya kwanza kwenye banda la video jirani na Mwaloni, tumebanana kwenye mabenchi, harufu ya dagaa inatufuata hadi ndani. Mjomba alikuwa ananitafsiria sikioni. Jambazi Gabbar alipomkata mzee Thakur mikono, mjomba akanyamaza kabisa.

Juzi nimeangalia Seven Samurai ya Mjapani Kurosawa, ya mwaka 1954. Wanakijiji wanaonewa na majambazi, wanatafuta watu wa kuwapigania. Nikaisimamisha. Si ndiyo Ramgarh hii, kile kijiji cha kwenye Sholay? Moyo umeniuma, kusema kweli. Ile picha waliiba?

FundiWaIgoma:
Pole mkuu, lakini usiumie. Kabla ya Wahindi, Wamarekani walishanunua haki za hiyo ya Kurosawa wakatoa The Magnificent Seven mwaka 1960, samurai wakawa makauboi. Sholay ikaja 1975. Na Kurosawa mwenyewe alizipenda mno picha za kauboi za Mmarekani John Ford. Sasa mwizi wa kwanza utamkamata wapi?

BintiNyakato:
Fundi, hapo kwenye kununua haki usipapite haraka. Mwitaliano Sergio Leone aliichukua Yojimbo ya Kurosawa ya 1961 akaigeuza A Fistful of Dollars, 1964, bila kuomba. Wajapani wakadai, ikaishia kwa wao kupewa asilimia 15 ya mapato. Walistahili, kwa sababu kisa ni kilekile: mtu mmoja anaingia kwenye mji wenye makundi mawili, anayachonganisha.

Ila Sholay siiweki kapu hilo. Kaka, tafuta Once Upon a Time in the West, ya Leone huyohuyo, 1968. Steringi wake haongei sana, anapuliza kinanda cha mdomo, na kila kikilia ujue kuna kisasi kinamsubiri mtu. Sasa kumbuka Jai, yule mpiganaji wa Sholay. Naye anacho kinanda cha mdomo! Lakini anakipuliza usiku, amekaa nje, huku Radha kule juu barazani anazima taa moja baada ya nyingine. Mjane na mtu asiye na kwao, hawasemeshani hata neno. Chombo kilekile, kwa Leone ni kifo, huku ni mapenzi yasiyotamkika. Aliyefanya hivyo ameazima, halafu ameweka cha kwake.

MtotoWaMwaloni:
Dada, umenirudisha mbali. Zile taa! Hapo banda zima lilikuwa linatulia, hata wale wabeba mizigo waliokuwa wakishangilia ngumi. Na mjomba hakuwa anatafsiri kitu, nami sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Hiyo ya Leone naitia kwenye flashi. Jumamosi nashuka kwake Mkuyuni, tutaanza nayo, halafu Sholay. Sitamwambia chochote kuhusu kinanda. Nataka nimwangalie usoni kikianza kulia.