Tupeane uzoefu: maelezo ya picha za kompyuta yakae ndani ya picha au pembeni?

Mwalimu wa Tukuyu: Ndugu zangu, wiki hii nilifundisha kwa mchoro wa kompyuta wa Ziwa Ngozi, uliojaa namba huku majina yake yakiwa yamepangwa chini kabisa. Wanafunzi walipandisha na kushusha macho hadi mada ikawapotea. Nilipoyahamishia majina palepale penye kitu chenyewe, waliacha kuuliza namba saba ni nini, wakaanza kuuliza kwa nini ziwa lile halina mto unaotoka. Wenzangu mmekutana na nini?

Mama Kalenga: Naunga mkono, Mwalimu. Namba na mishale vimetutesa mno.

Mkazi wa Usangu: Mada hii imenikumbusha kikao cha wakulima wa mpunga kule Mbarali. Wataalamu walileta picha ya setilaiti yenye rangi bandia, ambayo mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu, huonyeshwa kwa rangi nyekundu. Na kwa kuwa majani yenye afya huuakisi kwa wingi, mpunga uliostawi huonekana mwekundu kabisa. Maelezo hayo yalikuwa kwenye ukurasa uliotangulia, nao ulipita watu wakiwa bado wanatafuta viti. Ukuta ulipojaa wekundu, mzee mmoja alisimama akauliza kama mashamba yale ndiyo yaliyopangwa kuchukuliwa. Ukumbi ulichafuka. Akina mama walitoka nje kupiga simu nyumbani, vijana wakamzingira mwenye kompyuta, mwenyekiti akagonga meza bila kusikika. Mtaalamu alieleza kwamba wekundu ni dalili ya ustawi, lakini nani angemsikiliza wakati picha yenyewe haikuwa na neno hata moja? Kikao kikaahirishwa. Kiliporudiwa, picha ilikuwa ileile, ila juu ya shamba linalofahamika na wote paliandikwa «mpunga uliostawi», na penye kijivu «udongo mtupu». Safari hii yule mzee alikwenda mwenyewe hadi ukutani, akaonyesha jaruba lake kwa fimbo.

Mama Kalenga: Poleni sana. Jaruba lake lilikuwa jekundu?

Mkazi wa Usangu: Jekundu kwelikweli, mama.

Mchora Ramani, Njombe: Kisa kimenigusa, lakini sikubali kwamba kila kitu kiandikwe ndani ya picha. Ramani ya Nyanda za Juu Kusini ukiijaza majina ya vijiji vyote, hata Ruaha Mkuu hutauona. Mimi huyaficha maelezo, yakatokea pale tu mtu anapopeleka kipanya juu ya kitu.

Mwalimu wa Tukuyu: Hapo napinga, mkuu. Wengi wetu tunafungua ramani kwenye simu, na simu haina kipanya. Ukiichapisha je, karatasi itafunguka?

Mchora Ramani, Njombe: Kwenye simu mtu atagusa kwa kidole. Tusilishane maneno, Mwalimu.

Mtakwimu wa Mafinga: Jamani, nyote mna hoja. John Sweller na Paul Chandler, watafiti wa Australia, walionyesha mwaka 1991 kwamba mchoro na maneno visivyoeleweka kimoja bila kingine vikitenganishwa, akili humaliza nguvu katika kuviunganisha; lakini walionyesha pia kwamba maneno yanayorudia jambo ambalo mchoro unalieleza wenyewe huwa mzigo kwa msomaji. Ndiyo maana kwenye grafu ya bei za mahindi huandika «Makambako» au «Mbeya» mwishoni mwa mstari wake, kisha nikaufuta ufunguo wote, yaani ile orodha ya rangi na majina. Kishale kinachosema «bei inapanda» sikiweki, kwa sababu mstari umeshasema.

Kijana wa Uyole: Mimi naongezea kwamba herufi ziwekewe ukingo mweupe, jambo linalowezekana katika mipangilio ya lebo ya QGIS, programu ya kutengenezea ramani. Bila hivyo, maandishi meusi juu ya msitu wa Mufindi hayasomeki.

Mchora Ramani, Njombe: Ukingo huo ukiwa mnene unafunika msitu wenyewe. Uwe mwembamba, na maneno yapungue.