Tupeane uzoefu: wenye mabwawa ya udongo ya kumwagilia mashamba

Ndugu wanajamvi, mvua zinakaribia, nami naomba wenye mabwawa ya udongo mashambani mwao tuelezane tunavyoyatunza, hasa njia ya kutolea maji ya ziada. Wengi huzungumzia ukubwa wa bwawa na bei ya kukodi katapila, ilhali tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake: yakishafurika hula udongo wa upande wa chini mpaka tuta likatike. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba binafsi lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru, baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 40 waliokuwa bondeni wakafariki.

Langu liko Laikipia, juu ya shamba la vitunguu. Njia ya maji ya ziada tuliipitisha pembeni, kwenye ardhi ambayo haikuwahi kuchimbwa, tukaipanda nyasi. Kila mwaka vijana wa shamba huniomba tuizibe kwa magunia ya mchanga ili tubaki na maji mengi zaidi, na kila mwaka nakataa.

Mkulima wa Same: Ahsante, mkuu. Huku Upareni wazee wetu walijenga ndiva (mabwawa madogo ya jadi), zinazojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, kwa hiyo kulinda tuta si jambo geni kwetu. Mimi hutazama zaidi maji yanayovuja chini ya tuta. Yakiwa maangavu, nayakinga kwa ndoo na kuandika daftarini imechukua muda gani kujaa. Msimu mmoja yalitoka na rangi ya udongo, dalili kwamba tuta linaliwa kwa ndani, nikawapigia simu majirani wa bondeni kabla hata ya kumtafuta mhandisi. Kisha tukafungua vali kidogo kidogo, maana maji yakishushwa ghafla, upande wa ndani wa tuta ambao bado umelowa unaweza kuporomoka. Tulipochimbua tulikuta kisiki cha mkaratusi, ambao mmiliki wa awali aliukata. Mizizi ilikuwa imeoza na kuacha matundu yanayoingia mkono mzima.

Mfugaji, Machakos: Kwangu adui ni ng'ombe. Nimezungushia bwawa uzio na kuvuta bomba hadi kwenye birika la kunyweshea, na tangu hapo nyasi za tuta zimeshika vizuri.

Mchangiaji wa Morogoro: Msisahau vibali. Tanzania kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya maji ya bonde husika, na Kenya kuna Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Usumbufu upo, lakini mtaalamu akikagua mchoro kabla ya katapila kuingia, unaokoa fedha. Mkuu wa Laikipia, hiyo njia yako ya maji ya ziada inaishia mtoni, au kwenye shamba la jirani?