Ukishamaliza The Witcher 3, ufuate gemu ipi ya hadithi nzito? Mimi nasema Disco Elysium

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Juzi usiku mdogo wangu kamaliza The Witcher 3, na asubuhi yake kaniuliza: sasa nicheze nini chenye hadithi kama hii? Rafiki zake wote wamemjibu Baldur's Gate 3, wakisifia ramani na picha zake kali. Mimi nimemwambia aanze na Disco Elysium. Tumebishana mpaka chai ikapoa, ndiyo maana naileta kwenu.

Najua kilichomgusa. Ni ile sehemu ya Baron, yule mlevi aliyekuwa akimpiga mkewe, mimba ikatoka, na kichanga kikageuka dude la kutisha kwa sababu kilifukiwa bila jina wala mazishi ya heshima. Unaweza kukiua, yakaisha. Au unamwachia Baron akibebe mwenyewe mikononi, usiku, mizuka ikiwavamia njiani, hadi kwenye kizingiti cha nyumba yake. Pale anakipa jina, Dea, anakiomba msamaha, mnakizika. Dogo aliiachia mausi akakaa kimya.

Sasa jiulizeni, pale upanga wa Geralt, mhusika unayemcheza, ulisaidia nini? Tulibanwa koo kwa kumwona mtu akibeba alichokitenda, tena kwa mikono yake. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye gemu za kuvaa uhusika, na sijakutana na gemu inayokishikilia tangu dakika ya kwanza kama Disco Elysium.

Kwa asiyeijua: ilitoka Oktoba 2019, kazi ya studio ya ZA/UM yenye asili ya Estonia, Robert Kurvitz akiwa mwandishi mkuu. Unaamka kwenye chumba cha hosteli kilichovurugwa, pombe imekufuta kila kitu, hata jina lako. Tai yako inazunguka kwenye feni ya darini. Kama ulijinyima pointi za mwili, kuirukia tu hiyo tai kunaweza kuusimamisha moyo wako, ukafa kabla hujavaa suruali. Ukishuka chini unaambiwa wewe ni askari mpelelezi, na nyuma ya jengo kuna maiti imening'inia mtini siku ya saba leo.

Hakuna mapigano ya kawaida. Una stadi 24, na kila moja ni sauti kichwani mwako: moja inakushauri, nyingine inakudanganya, nyingine inataka ulewe tena. Ukitaka kufanya jambo gumu, dadu mbili zinarushwa. Majaribio mengine ni mara moja tu. Na ukishindwa, hadithi inaendelea na kushindwa kwako. Jaribu kulitoroka deni la chumba, dadu zikukatae, uone: unajirusha na kumvaa mama aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya watu wote. Kim Kitsuragi, mpelelezi mwenzako, yuko pembeni karibu muda wote na anaona. Hakugombezi. Binafsi ule ukimya wake uliniuma kuliko kufa mara mia kwenye gemu nyingine.

Halafu tusisahau mashine. Baldur's Gate 3 inataka gigabaiti 150 na diski ya SSD. Kwa mtu anayepakua kwa bando, huo ni mzigo. Disco Elysium inakwenda hata kwenye laptopu ya kawaida ya chuo.

Haya, nipingeni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, heshima yako, lakini unamnyima dogo uhondo. Umeifanya Baldur's Gate 3 ionekane ramani na picha tupu. Kuna uchawi mle wa kuzungumza na maiti: unamwuliza marehemu maswali matano, basi. Kama ni wewe uliyemuua, anakataa kuongea nawe, labda ujibadilishe sura kwanza. Huko siyo kubeba ulichokitenda? Studio ya Larian waliitoa Agosti 2023, na mpaka leo mimi na wenzangu watatu tunaicheza pamoja mtandaoni, kila mmoja na mhusika wake, na tunagombana kweli nani aokolewe. Disco Elysium unaicheza peke yako, unasoma, unahuzunika, unalala. Kijana katoka kwenye vita vya Geralt, mpe vita vyenye akili.

MCHANGIAJI WA PILI

Wote mmerukia matawi, shina mmeliacha. Planescape: Torment, 1999. Mtu asiye na jina anaamka mochwari, na hawezi kufa: ukiuawa unaamka tena. Ukipandisha hekima badala ya nguvu, kumbukumbu za maisha yako ya zamani zinafunguka, na humo unakutana na watu uliowaumiza bila kukumbuka. Kuna toleo lililofanyiwa ukarabati mwaka 2017. Mpelekeni dogo kwenye chimbuko.

MLETA MADA

Mkuu wa kwanza, kwa ile maiti umenikamata, nakubali. Ni jambo zuri sana lile. Ila bado pale unaweza kusevu, ukamuua mtu, ukajutia, ukarudi nyuma kana kwamba hakuna kitu. Kwenye Disco Elysium sikutamani kurudi, kwa sababu kila nilipoanguka nilipewa tukio jipya lililoandikwa kwa uangalifu uleule. Hapo ndipo tunapotofautiana, na sidhani kama picha kali inaliziba hilo pengo.

Mkuu wa pili, Planescape naipenda, ila mapigano yake ni ya kuvumilia, na maandishi ni mengi mno, karibu yote bila sauti. Hizi gemu hazina Kiswahili. Dogo anasoma Kiingereza polepole, na Kiingereza cha humu ni kigumu hata kwangu. Toleo la The Final Cut la Disco Elysium, la 2021, limewekewa sauti mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo anasikiliza huku macho yakifuata maandishi. Nilikaa naye jana kwenye mazungumzo ya kwanza na Kim, maneno mawili tu ndiyo aliniuliza.

Keshaanza, na kachagua mhusika wa Sensitive, yule mwenye hisia nyingi na mwili dhaifu. Tai bado iko kwenye feni. Mliocheza na mhusika huyo, mlianza kwa kuongeza stadi gani?