MAGAZIJUTO na trei ya mayai: mtoto aandike jibu la nani? Naombeni ushauri

Mama Trei
Wakuu, habari za jioni. Niko Pasua, Moshi, nauza mayai. Kijana wangu yuko darasa la tano. Jana kaja na daftari, swali ni 30 − 12 + 6. Kaandika 24. Mwalimu kamwekea kosa, pembeni kwa wino mwekundu: "12. Fuata MAGAZIJUTO."

Tukachukua trei. Mayai 30, nikatoa 12, nikarudisha 6. Tumehesabu mara mbili, 24. Mtoto ananiangalia: "Mama, sasa niandike la nani?" Keshafuta mpaka karatasi imetoboka. Mimi niliishia la saba, naogopa kumpoteza. Nani kakosea?

Mangi wa Rau
Mwalimu yuko sahihi, dada. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. JU iko kabla ya TO. 12 + 6 ni 18, 30 toa 18 ni 12. Tulichapwa sana kwa hiyo.

Chaki Nyeupe
Mangi, ulichapwa bure, pole. Nimefundisha hesabu miaka mingi na kosa hili nimelikuta hata kwa walimu wenzangu.

Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Vikikutana, unakwenda kushoto kwenda kulia: 30 − 12 ni 18, 18 + 6 ni 24. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo. Neno lenyewe ni la kusaidia kukumbuka tu. Huko kwenye GA na ZI hakuna anayeumia: 12 × 6 ÷ 3, ukianza kugawanya ni 12 × 2, ukianza kushoto ni 72 ÷ 3, zote 24. Ukifika JU na TO ndipo unaumbuka.

Mama Trei, ukijumlisha 12 na 6 kwanza, umeyauza na yale sita uliyorudisha. Ili jibu liwe 12, swali lingeandikwa 30 − (12 + 6). Mwambie mtoto alama inatembea na namba iliyo mbele yake: 12 ina kutoa, 6 ina kujumlisha. Asizitenganishe.

Mangi wa Rau
Duh. Miaka yote hii! Ila dukani sijawahi kumrudishia mtu chenji kwa MAGAZIJUTO, namshukuru Mungu.

Kijana wa Majengo
Mpelekee kalkuleta akaone.

Chaki Nyeupe
Usithubutu. Zile ndogo za dukani ukibonyeza 2 + 3 × 4 zinakupa 20, na jibu ni 14. Utakuwa umeanzisha ugomvi wa pili.

Mama Trei
Shikamoo mwalimu. Sasa nimwendeeje? Nisije nikamponza mtoto.

Chaki Nyeupe
Marahaba. Usimtume mtoto, na usiende mbele ya darasa. Nenda saa ya mapumziko, usiseme amekosea. Sema, "Mwalimu, nimekwama hapa, nielekeze," kisha umpe swali fupi: 10 − 9 + 1. Akianza kujumlisha atapata 0. Mwache aliangalie mwenyewe.

Mama Trei
Nimelijaribu kwa kijana, kapata 2 kabla sijamaliza kuandika. Kesho saa nne niko shuleni, na mayai kumi ya kuchemsha.

Mangi wa Rau
Beba na chumvi.