Nina mbuzi wa maziwa 9, nataka kukopa milioni 6 niongeze wengine 10. Saanen au Toggenburg?

Baba Tausi (mleta mada)
Wakuu, heshima mbele. Niko Mlali, Mvomero, mkoa wa Morogoro. Nimeingia kwenye mbuzi wa maziwa tangu mwishoni mwa mwezi wa pili mwaka huu: majike 9 na beberu mmoja wa Kinorwei niliyemfuata mwenyewe kule juu Mgeta. Mwezi wa tano wakaanza kuzaa. Sasa nakamua watano, napata lita 6 kwa siku, nauza 3,000 lita, na wateja wanakuja wenyewe na chupa zao. SACCOS yetu, chama cha akiba na mikopo, imekubali kunipa milioni 6 niongeze majike 10. Swali langu ni moja tu: kwa joto la huku, nichukue mbegu ya Saanen au Toggenburg? Nijibiwe na wanaofuga kweli, siyo wanaofuga kwenye simu. Siku ya nne hii sijalala vizuri, nikifumba macho naona tarehe ya marejesho.

Ndevu za Beberu
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Wataalamu njooni.

Shangazi wa Kibaha
Mwanangu, mkopo na mnyama ni vitu viwili visivyosalimiana. Mimi nilikopa nikaweka kuku wa mayai 400. Wakataga vizuri, nikanunua na friji. Siku moja umeme ukakatika usiku, vifaranga wa kundi la pili wakarundikana kona moja, asubuhi nikahesabu mizoga 160. Afisa mikopo alipokuja nilimwonyesha mizoga, akaniuliza kama ninayo risiti. Friji ndiyo iliyolipa. Na mume wangu hadi leo akiona yai anacheka. Fikiria mara mbili.

Baba Tausi
Pole shangazi, ila kuku na mbuzi ni tofauti. Turudi kwenye mada.

Mtu wa Mgeta
Mimi ni wa huko huko juu. Hawa Wanorwei waliletwa kwetu miaka ya 1980 na watu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, nimekua nikitumwa majani yao. Mama alikuwa na mmoja tukimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa anapiga kelele saa kumi na mbili kamili. Kwetu baridi, mabaki ya kabichi na njegere hayaishi, mbuzi ananenepa akiwa amesimama. Mlali ni nchi nyingine kabisa.

Saanen ni mweupe, ngozi yake nyepesi, jua linamchoma hadi chuchu. Toggenburg ni kahawia mwenye mistari myeupe usoni, anavumilia kidogo, lakini wote wawili kwao ni milimani Uswisi, usitegemee miujiza. Ungeniuliza mimi, ningekwambia chotara mwenye damu ya kienyeji. Hatakujazia ndoo, ila ataamka kesho. Halafu banda. Umeliinua? Mbao ziwe na nafasi ya kupitisha kinyesi bila kupitisha kwato. Na huyo beberu analala wapi?

Baba Tausi
Banda nimeinua nusu mita, mabanzi. Beberu analala nao, wameshazoeana.

Mtu wa Mgeta
Basi maziwa yako yana harufu ya beberu, usibishe. Maziwa yanavuta harufu kuliko kitambaa. Mtenge. Na hizo lita 6, ni kabla vitoto havijanyonya au baada?

Baba Tausi
Vitoto navitenga usiku, nakamua asubuhi, halafu vinanyonya mchana. Harufu ipo kidogo lakini wateja wanasema ndiyo dawa yenyewe.

Daktari Mstaafu
Nimefanya kazi ya mifugo muda mrefu, naomba niulize kidogo. Majike 9, unakamua 5. Wanne wako wapi?

Baba Tausi
Daktari, hilo siyo nililouliza, ila kwa heshima yako: mmoja hajazaa bado. Watatu hawakufanikiwa.

Daktari Mstaafu
Hawakufanikiwa ndiyo nini? Mbuzi hafanyi mtihani.

Baba Tausi
Walitupa mimba. Ilikuwa mwezi wa nne, wote ndani ya wiki mbili. Yule wa duka la dawa za mifugo aliniambia ni uchovu wa safari, nikawachoma vitamini, nikawapa na dawa ya minyoo. Wanakula vizuri, manyoya yanang'aa, wawili wameshapandwa tena. Hilo limepita. Mimi nahitaji ushauri wa mbegu, mwezi ujao nachukua hela.

Mzee wa Hesabu
Ngoja kwanza. Mleta mada anasema mbuzi wameingia mwishoni mwa mwezi wa pili pamoja na beberu. Wamezaa mwezi wa tano. Mbuzi anabeba mimba siku 150, yaani miezi mitano. Februari hadi Mei ni miezi mitatu haijatimia. Hao mbuzi wamezaa kwa mtandao? Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga.

Ndevu za Beberu
Chai ya maziwa ya mbuzi, tena haijachujwa 😂

Kijana wa Kihonda
Mimi nilishtuka toka kwenye bei. Mwaka jana kuna jamaa alileta uzi wa sungura hivi hivi, anaomba ushauri kwa unyenyekevu, ukurasa wa tatu akatoa namba ya kuuza mbegu. Subirini, keshokutwa huyu atasema ana vitoto vya Kinorwei vya kuuza kwa bei ya ndugu.

Shangazi wa Kibaha
Na mimi nimekaa hapa nasimulia habari za friji yangu kwa mtu asiye na hata mbuzi?

Mzee wa Hesabu
Weka picha ya banda na gazeti la leo.

Baba Tausi
Jamani. Sina sababu ya kudanganya. Nimekaa na simu mkononi toka mchana nikijiuliza niseme au nifunge uzi. Beberu ni wa Mgeta, hilo kweli. Majike sikuwatoa Mgeta. Niliwanunua mnadani, mnada nausitiri, kupitia dalali. Alisema ni chotara, wote wana mimba, mmoja nusu ya bei ya Mgeta. Niliwashika matumbo mwenyewe, nikaona nitapata maziwa bila kusubiri miezi mitano. Nani hapa angekataa? Sikutaka kuandika mnada kwa sababu najua mngenishambulia badala ya kunijibu. Kwa hiyo Mzee, hesabu yako iko sawa, mimba walikuja nazo.

Mzee wa Hesabu
Sawa. Naondoa chai, naacha kikombe.

Daktari Mstaafu
Sasa tumeanza kuongea. Uchovu wa safari humfanya mbuzi atupe siku chache baada ya kushuka kwenye gari. Wako walisafiri Februari, wakatupa Aprili, watatu mfululizo, mimba zikiwa kubwa. Zipo sababu nyingi, lakini la kwanza kuliwazia ni bruselosi, huo wanaouita ugonjwa wa kutupa mimba. Mbuzi mwenye nao anakula, ananenepa, safari ijayo anaweza kuzaa vizuri kabisa, huku vijidudu vinatoka kwenye maziwa na kwenye maji ya uzazi, na vinaingia hata kwa binadamu. Ndiyo maana mnadani wapo wengi wenye afya ya kuvutia. Mwenye mbuzi aliyetupa humuuza, hamchinji.

Jibu haya bila kuruka. Nani alizoa vile vitoto na kondo la nyuma, kwa mikono gani? Vilikwenda wapi? Wateja wanachemsha maziwa? Na wewe mwenyewe unajisikiaje?

Baba Tausi
Nilizoa mimi, kwa mikono. Mmoja nilimvuta kabisa, alikwama. Mbwa alichukua viwili, kimoja nilizika. Maziwa nachuja kwa kitambaa cheupe, sichemshi. Wateja hawataki yaliyochemshwa, wanasema dawa inakufa. Kuna mama jirani ana pacha wa miezi saba, anachukua nusu lita kila siku. Mimi nina homa ya jioni kama wiki tatu. Jasho linalowesha shuka, mgongo na nyonga vinauma. Nilipima malaria hakuna, nikapewa dawa za taifodi, ikatulia siku nne, ikarudi. Nilidhani ni mawazo ya mkopo.

Nesi Mkunde
Baba Tausi, acha kusoma uzi, nenda hospitali kesho. Ukifika usiseme "nina homa" ukanyamaza. Sema unafuga mbuzi, wametupa mimba, umeshika kondo. Wasipojua hilo watakupa dawa za taifodi mara ya pili. Ikiwa ni bruselosi inatibika, ila ni dawa mbili kwa pamoja wiki sita, na watu wengi huacha wiki ya tatu wakijisikia vizuri. Na yule mama wa pacha aambiwe leo. Achemshe. Maziwa ya mbuzi hayana foliki asidi ya kutosha, vitamini ya kutengeneza damu, hayawezi kuwa chakula chao kikuu hata yakiwa safi.

Kijana wa Kihonda
Lakini bibi yetu alikunywa mabichi akafika miaka 90.

Nesi Mkunde
Na wadogo zake wangapi hawakufika?

Daktari Mstaafu
Mifugo sasa. SUA iko jirani yako, na maabara za veterinari za serikali zipo. Mwite afisa mifugo wa kata achukue damu za wote kumi, beberu akiwemo. Watakaokutwa nao hawatibiwi, wanaondolewa, na hawarudi mnadani ukamwachia mwenzio. Jike aliyebaki na mimba mtenge leo, akizaa usimguse bila glovu, kondo choma au fukia chini sana, mbwa asifike. Na hiyo dawa ya minyoo, angalia chupa: kama ni albendazole, usiwape waliopandwa juzi, mimba changa haiitaki. Beberu asipande mbuzi wa mtu.

Baba Tausi
Beberu nimemwazimisha majirani watatu. Elfu tano tano.

Mtu wa Mgeta
Mungu wangu.

Baba Tausi
Nimewaelewa, lakini na ninyi nielewe. Mkopo ulishapitishwa, nimesaini Jumanne, wadhamini wangu ni shemeji na mwalimu mkuu. Nikirudi kusema sichukui nitaonekana mhuni. Nilikuwa nafikiri hawa kumi wapya nitawajengea banda lao upande wa pili, wasichanganyike, huku hawa wakiendelea kupimwa. Hapo kuna ubaya gani?

Shangazi wa Kibaha
Ndoo ya kukamulia utanunua ya pili? Mikono je?

Daktari Mstaafu
Jibu la damu kwanza. SACCOS haitakimbia.

Mzee wa Hesabu
Na hata bila ugonjwa: lita 6 kwa 3,000 ni 18,000. Toa pumba, mashudu, kijana wa majani, dawa. Andika kinachobaki, kiweke mbele ya rejesho la mwezi. Usitupe jibu sisi, mpe mkeo.

Baba Tausi
Mrejesho, wakuu. Hospitali nimekwenda, wamechukua damu, majibu Ijumaa. Afisa mifugo alikuja jana na chupa zake ndogo, amewatoboa wote, beberu amempiga pembe ya paja. Nimezunguka kwa majirani watatu wa beberu, wawili wamenielewa, mmoja anadai elfu tano yake. Maziwa nimesimamisha kuuza. SACCOS nimewaomba wasogeze mwezi mmoja, hawajajibu.

Halafu nikapita kwa mama wa pacha. Nilijiandaa njia nzima jinsi ya kumwambia. Akaniambia yeye anachemsha toka siku ya kwanza, kwa sababu chupa ya kwanza niliyompelekea ilikuwa na nywele.