Naombeni ushauri: mbuzi amekula unga, tumbo imevimba

Wadau, niko Ruai, nafuga nguruwe wawili na mbuzi watatu kwa kaploti kadogo na wote nilikuwa nawapea mabaki ya hoteli, ugali, maganda ya viazi, nikidhani tumbo ni tumbo tu. Nguruwe wako poa. Sasa jana mbuzi mmoja aliingia stoo akamaliza unga ya mahindi, saa hii ubavu wa kushoto umevimba, ukigonga unalia kama ngoma, na hacheui. Jirani anasema mbuzi ana tumbo ya vyumba vinne na unga mingi inaleta asidi humo, nguruwe ana tumbo moja tu kama sisi. Daktari wa mifugo yuko njiani. Akipona nianze na nyasi kavu pekee ama? Na nguruwe, nyasi ya nepia inamsaidia kweli?